Sahani ya Mama Isiwe ya Mwisho: Namna ya Kupanga Lishe Katika Nyumba ya Mama na Vijana Wake

Mwongozo huu ni wa mama anayelea peke yake watoto waliofikia umri wa balehe, yaani wa miaka 10 hadi 19, anayeishi mjini, anayenunua karibu kila anachopika, na ambaye fedha humfikia kwa siku au kwa wiki badala ya mwisho wa mwezi. Mtaani mama huyu huitwa singo maza, jina ambalo silipendi kwa kuwa mara nyingi hutamkwa kana kwamba ni shtaka. Nilifundisha sayansikimu katika shule za sekondari za kutwa kwa miaka mingi, na nyumbani kwangu Temeke, Dar es Salaam, nimelea binti na mvulana bila mwenzi. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa nimeyaandika ubaoni na pia nimeyapika.

Katika nyumba ya namna hii ubora wa chakula hautegemei fedha peke yake. Unategemea nguvu za mtu mmoja. Mama ndiye anayetafuta, ndiye anayenunua, ndiye anayewasha jiko na kugawa, na ndiye atakayeamka kesho saa kumi na moja alfajiri. Siku nguvu zake zikimwishia, mlo wa nyumba nzima hushuka hata kama fedha ipo, kwa sababu jioni hiyo vijana watakula chipsi za barabarani au watakunywa chai na mkate na kulala. Ndiyo maana mpango ninaoueleza unaanza na mama mwenyewe, unakwenda kwenye mgawanyo wa kazi za jikoni, na katikati unapita sokoni.

Kwanza chunguza mgawo

Kwa siku saba, andika kwenye daftari mambo mawili tu baada ya kila mlo: nani amekula nini, na nani hakula. Usiandike bei na usijaribu kubadili chochote wiki hiyo, kwa sababu lengo ni kuiona nyumba yako jinsi ilivyo.

Nilipofanya hivyo nyumbani kwangu, niligundua kwamba katika siku saba sikuwa nimeonja samaki hata mara moja, ingawa tulipika samaki mara nne. Nilikuwa nawapa wanangu vipande, mimi nachovya ugali kwenye mchuzi, kisha nakwangua ukoko na kusema nimeshiba. Nilipomsomea binti yangu daftari lile, wakati huo akiwa na miaka 14, alinyamaza kidogo kisha akaniambia kwamba yeye alikuwa akiacha nusu ya kipande chake kwa makusudi ili nikile mimi. Mimi nusu hiyo nilikuwa namwongezea mdogo wake. Samaki walikuwa wakizunguka mezani na kuishia kwenye sahani moja, na waliokosa ni wale wawili waliokuwa wakipata hedhi kila mwezi.

Jambo hilo lina uzito wa kiafya. Kwa hedhi moja mwanamke hupoteza kwa wastani mililita 30 hadi 40 za damu, na pamoja nayo hupoteza madini ya chuma ambayo lazima yarudishwe na chakula. Kwa viwango vinavyotumiwa sana na wataalamu wa lishe, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, na mama aliye katika umri wa kuzaa anahitaji 18, ilhali mvulana wa rika lile lile anahitaji 11. Mvulana naye ana mahitaji yake: anarefuka kwa kasi na misuli yake inajengeka, hivyo anahitaji ugali, wali na viazi vingi kuliko dada yake. Basi mgawo wa haki si sahani zinazofanana. Mvulana aongezewe ugali. Mama na binti wasipunguziwe kitoweo.

Kanuni ninayoipendekeza ni kupakua sahani zote kwa wakati mmoja, kabla mtu yeyote hajaanza kula, na sahani ya mama iwe miongoni mwa zile za kwanza. Ikiwa mama bado yuko kazini, sahani yake ipakuliwe, ifunikwe, iwe mwiko kuigusa, na atakaporudi ipashwe moto vizuri hadi ifuke mvuke. Familia zinazokula kwenye sinia moja ziendelee na desturi hiyo nzuri, lakini kitoweo kigawiwe kwa mkono, kila mtu mbele yake, kwa sababu sinia humpendelea anayekula haraka.

Najua jinsi neno "nimeshiba" linavyotoka kwa urahisi mdomoni mwa mzazi, na najua kwamba linatoka kwa upendo. Hata hivyo, mama anayejinyima kwa miezi huishiwa damu, huumwa kichwa, na hukasirika upesi. Kijana wa miaka 15 hawezi kutofautisha hasira ya njaa na kukosa kupendwa. Yeye anachosikia ni kwamba amefokewa.

Sokoni kwa fedha ya kila siku

Anayepata fedha kidogo kidogo hulazimika kununua kidogo kidogo: mafuta ya kupima, unga nusu kilo, sukari ya kwenye kimfuko. Ukijumlisha vipimo hivyo vidogo kwa mwezi, unakuta umelipia kilo moja kwa bei iliyo juu kuliko anayenunua kwa wingi. Njia ya kutoka humo ni kuchagua kila siku kitu kimoja tu cha kununua kwa kipimo kikubwa. Leo nunua maharage kilo moja na mengine yote ya kupima. Kesho iwe lita ya mafuta. Siku inayofuata dagaa wa kutosha wiki nzima. Kisha mchele au mahindi. Baada ya wiki mbili au tatu kabati huanza kuwa na vitu vinavyopishana kwisha, na fedha ya siku inabaki kwa ajili ya mboga za majani, nyanya na matunda, ambavyo ndivyo vinavyopaswa kununuliwa vikiwa vibichi. Wengine hufanikisha hilo kwa mchezo wa akina mama watano au sita ambao badala ya kupeana fedha hupeana mchele, unga na mafuta. Huo nimeucheza mwenyewe, na naupenda kwa sababu chakula hakikopeki kirahisi kama fedha.

Kuhusu unga, ningependa kila nyumba ihame kutoka sembe kwenda dona. Mahindi yanapokobolewa hupoteza pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya madini na vitamini za kundi B. Dona pia hukaa tumboni kwa muda mrefu, jambo muhimu kwa mvulana anayefungua sufuria saa mbili baada ya kula. Vijana watalalamikia rangi, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu kwa mwezi wa kwanza. Tahadhari moja ni ya lazima: dona isagwe kutokana na mahindi makavu, yaliyochambuliwa, yasiyo na punje zilizooza au zenye ukungu, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayozalishwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, ambayo haionekani kwenye ugali na haiondoki kwa kupikwa. Karanga nazo zichambuliwe. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe, wala zisisagwe kwa ajili ya uji.

Kitoweo kinachostahili heshima zaidi ya ile tunayokipa ni dagaa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa waliokauka vizuri ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao hutupatia pia madini ya kalisi, ambayo kijana anayahitaji kuliko mtu mzima yeyote: takriban miligramu 1,300 kwa siku katika umri wa miaka 9 hadi 18, wakati kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300 tu. Mifupa anayoijenga sasa ndiyo atakayozeeka nayo. Dagaa wa Mwanza huhitaji subira kwa sababu ya mchanga. Chambua vichwa na matumbo, loweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha waoshe kwa kuwainua kwa mkono na kuwahamishia kwenye bakuli jingine, ili mchanga ubaki chini. Ukimwaga maji pamoja na dagaa, mchanga unarudi nao. Rudia mara tatu, kisha waanike kidogo wakauke. Mwanangu alikuwa akiwaita chakula cha kuku, mpaka siku nilipowakaanga kwa mafuta machache wakakauka kabisa, nikawachanganya na kitunguu, hoho na nyanya mwishoni, na kuwakamulia limau. Tangu siku hiyo akawa anauliza zamu ya dagaa ni lini.

Maharage yanafuata. Kwa watu watatu, robo kilo ya maharage makavu inatosha mlo mmoja wenye protini ya kuridhisha, hasa yakiliwa na nafaka, kwa kuwa nafaka na jamii ya kunde hukamilishana. Yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika, hivyo kunaokoa mkaa, na kunapunguza pia viambato vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Mwenye sufuria ya umeme ya presha atashangaa jinsi maharage yaliyolowekwa yanavyoiva kwa umeme kidogo. Badilisha badilisha: kunde, choroko, mbaazi za nazi, dengu. Nyama si lazima kila wiki, lakini fedha ya nyama ikipatikana, maini au firigisi zitakupa madini ya chuma mengi, na kiasi kidogo kikikatwakatwa ndani ya mchicha kinatosha wote.

Mboga za majani na matunda kwa pamoja vifikie angalau gramu 400 kwa mtu kwa siku. Hicho ndicho kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa macho, ni kama konzi mbili kubwa za mboga iliyopikwa na matunda mawili ya ukubwa wa chungwa. Mchicha, matembele, majani ya maboga na mnafu vioshwe kabla ya kukatwa, vipikwe kwa muda mfupi, na viungwe kwa mafuta kidogo au karanga, kwa kuwa vitamini A iliyomo huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kisamvu pekee ndicho kisichotaka haraka. Kitwangwe na kichemshwe kwa muda mrefu, kwa usalama. Matembele huota hata kwenye kiroba kilichojazwa udongo nyuma ya nyumba ya kupanga. Matunda fuata msimu: machungwa ya Muheza katikati ya mwaka, maembe mwishoni mwa mwaka, na mapera yanapojaa usiyapite, kwa sababu vitamini C iliyomo ni nyingi kuliko ya chungwa.

Chai, udongo na soda

Kosa dogo linaloharibu kazi yote hiyo ni chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula. Majani ya chai yana viambato vinavyoshika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini, hasa yale yatokanayo na maharage na mboga. Chai inywewe saa moja au mbili kabla au baada ya mlo. Mezani badala yake weka kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume chake: limau kwenye kachumbari, chungwa, au maji ya ubuyu uliokorogwa nyumbani kwa sukari kidogo. Ubuyu uliopakwa rangi na sukari ni peremende, usihesabiwe kuwa tunda.

Jambo la pili huwa la siri. Wasichana wengi, na mama zao pia, hula udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni kwa jina la pemba. Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo na kuzuia chuma kufyonzwa. Ukikuta vipande kwenye mkoba wa binti yako, usimcheke na usimpige. Mpeleke akapimwe wingi wa damu. Mimi nilishawahi kumfokea mwanafunzi darasani kwa jambo hilo, na wiki mbili baadaye alianguka mstarini. Bado najilaumu kwamba niliona tabia mbaya mahali palipokuwa na ugonjwa.

Soda moja ya mililita 350 ina kama vijiko 9 vya chai vya sukari. Inatosha kuwaambia vijana hivyo, na kuwapimia sukari hiyo kwenye glasi waione.

Asubuhi na saa za shule

Kijana wa shule ya kutwa huondoka nyumbani alfajiri na kurudi saa tisa au kumi alasiri. Akitoka na chai na andazi moja, ubongo wake unafanya kazi kwa mafuta na sukari hadi mapumziko. Kifungua kinywa kinachofaa si lazima kiwe kigeni: uji wa dona uliotiwa karanga za kusaga, viazi vitamu au magimbi yaliyochemshwa jana jioni pamoja na yai, au kiporo cha ugali na maharage kilichochemka upya. Wali, hasa wa nazi, usilale kwa joto la Dar es Salaam bila jokofu, kwa sababu sumu inayoweza kuzalishwa na vijidudu vya wali haiondoki kwa kupashwa moto.

Shule inayotoa chakula cha mchana kwa michango ya wazazi ndiyo nafuu kubwa kuliko zote, kwa sababu mchango wa muhula mara nyingi ni mdogo kuliko jumla ya fedha unayompa kila siku. Ukishindwa kulipa kwa mkupuo, nenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa kabla muhula haujaanza na uombe kulipa kwa awamu. Usimtume mtoto, kwani aibu itamfanya asifikishe ujumbe. Pasipo na chakula shuleni, mpe kitu kinachobebeka bila kuonekana: karanga za kukaanga kwenye mfuko mdogo, ndizi mbivu, yai la kuchemsha. Vijana wengi hukataa kontena la chakula kwa kuogopa kuchekwa, na hofu hiyo ni ya kweli kwao, kwa hiyo usishindane nayo.

Hapa sitanyamaza juu ya jambo moja. Msichana mwenye njaa anayetembea kwa miguu kutoka shuleni saa tisa mchana ni rahisi kulaghaiwa kwa sahani ya chipsi na kuku, au kwa kupakiwa bure kwenye pikipiki. Nimeona wasichana wazuri wa masomo wakiacha shule kwa mlango huo. Karanga na ndizi kwenye begi, pamoja na uhakika kwamba nyumbani kuna chakula chake kilichofunikwa, haviondoi hatari yote, lakini vinamwondolea mlaghai silaha yake rahisi. Mwambie binti yako hivyo kwa maneno ya wazi, bila kumtisha na bila kumshuku.

Kugawa jiko

Kijana wa miaka 13 anaweza kupika maharage. Wa miaka 15 anaweza kupika mlo kamili na kwenda sokoni. Tatizo la nyumba nyingi ni kwamba kazi hiyo yote humwangukia binti mkubwa, ambaye polepole hugeuka kuwa mama wa pili: anapika, anafua, analea wadogo, na masomo yake yanakuwa ya usiku. Mvulana huku anajifunza kwamba chakula hujitokeza chenyewe. Gawa siku kwa majina, si kwa jinsia, na andika zamu hizo ukutani. Kwetu ilikuwa hivi: Jumatatu na Alhamisi mvulana, Jumanne na Ijumaa binti, Jumatano na mwisho wa wiki mimi, na aliyepika haoshi vyombo. Wiki za kwanza mbili ugali ulikuwa na madonge na maharage yaliungua mara moja. Tuliyala. Nililojifunza ni kutokosoa chakula cha mtoto siku anapokipika. Maelekezo nilikuwa nayatoa siku ya zamu inayofuata, kabla hajawasha jiko.

Waonyeshe pia bajeti ya chakula. Kila Jumapili kaeni dakika 15 na daftari, taja fedha iliyopo kwa wiki, na muulize kila mmoja achague mlo mmoja anaoutamani. Kijana anayejua kiasi kilichopo hadai kama zamani, na mara nyingi hutoa mawazo mazuri. Lakini kuna mpaka. Kumweleza mtoto kwamba wiki hii tuna fedha kiasi fulani ni malezi. Kumlilia usiku kwamba hujui kodi italipwa vipi ni kumtwika mzigo wa mtu mzima. Mzigo huo mpelekee dada yako, rafiki, kiongozi wa dini au wenzako wa kikoba.

Mlo mmoja wa pamoja

Kula pamoja huwapa vijana mahali salama pa kusema yaliyowasibu, na humpa mama nafasi ya kuona mapema nani ameacha kula. Ugumu ni saa. Mama anayefunga genge lake saa tatu usiku hawezi kuwakuta mezani, na si vyema vijana wenye shule kesho wasubiri njaa hadi saa hiyo. Suluhisho lililotufaa ni kuhamisha matunda. Wanangu walikula ugali wao saa moja jioni, na chungwa au papai likabaki hadi nirudi. Nilipokuwa nakula sahani yangu iliyofunikwa, wao walimenya matunda, simu zikiwa chumbani, na tukakaa hivyo kama dakika 20. Mengi niliyoyajua kuhusu maisha yao ya shule niliyasikia wakati binti akimenya chungwa kwa kisu na macho yake yakiwa kwenye ganda.

Mezani kuna mada mbili ninazoomba zisitajwe. Ya kwanza ni mwili wa mtoto. Maneno kama "umenenepa" au "huna hata nyama" yanaweza kusemwa kwa utani, lakini msichana wa miaka 14 huyabeba kwa miezi, na baadhi huanza kujinyima chakula au kujitapisha kwa siri. Ikiwa uzito umezidi, badilisheni chakula cha nyumba nzima, mama akiwemo, kwa kupunguza vya kukaanga na sukari, bila kumtenga mmoja. Mada ya pili ni baba. Usimwambie mtoto kwamba baba yake ndiye anayewanyima chakula, na usimpe simu aombe fedha ya unga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mwenye haki ya chakula, malazi, matibabu na elimu kutoka kwa wazazi wake, na mzazi anayeishi na mtoto anaweza kuomba amri ya matunzo mahakamani. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na orodha ya matumizi ya mwezi. Daftari lako la chakula litakusaidia hapo pia, maana unaweza kuonyesha mahitaji kwa tarakimu badala ya kwa machozi.

Wakati wa kutafuta msaada

Kijana anayechoka akipanda ngazi chache, mwenye viganja na ndani ya kope za macho pameupe, anayesinzia darasani au anayelalamika kwamba moyo unamwenda mbio, apelekwe zahanati au kituo cha afya akapimwe damu. Kwa msichana wa miaka 15 na kuendelea asiye mjamzito, kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita kinahesabiwa kuwa upungufu. Omba na wewe upimwe siku hiyo hiyo. Usikae kwenye benchi kama msindikizaji tu. Kijana aliyeacha kula kwa wiki mbili, asiyelala, anayejitenga au anayezungumzia kufa, asisubirishwe hata siku moja: mpeleke kituo cha afya, au piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Halmashauri nazo zina maafisa lishe, na kumwona afisa huyo hakuhitaji uwe na mtoto mchanga, ingawa wengi wetu hudhani hivyo.

Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, vinywewe kwa maji au kwa maji ya chungwa, visinywewe kwa chai wala maziwa, na viendelee kwa muda wote uliopangwa na mhudumu hata baada ya damu kupanda, kwa sababu mwili huhitaji miezi kadhaa kujaza akiba yake. Choo kitakuwa cheusi, na huenda tumbo likafunga au kichefuchefu kikatokea siku za kwanza. Mweleze binti yako mapema, asije akashtuka na kuvitupa kimyakimya, kisha mvimeze pamoja saa ile ile kila jioni, wewe chako na yeye chake.